Mlaze kwa Ubavu

Watu wakiniuliza kazi yangu katika mambo haya ilikuwa nini, huwaambia ilikuwa kulala. Sifanyi mzaha. Mwenzangu, mama mmoja wa Kakuyuni, ndiye aliyekuwa msemaji. Mimi nilikuwa mgonjwa. Tukifika kwenye nyumba yenye kijana anayetumia unga wa kulevya, tukishasalimiana na kuulizana habari za watoto na za magoti, mkeka hutandikwa, nami hujilaza chali nikafumba macho. Hapo mwenzangu huanza: "Haya, akina mama. Mmemkuta mtoto yuko hivi. Mnafanyaje?"

Na hapo ndipo utakapojua kuwa watu wana mambo. Mmoja atasema maziwa, mnyweshe maziwa. Mwingine maji ya ndimu. Mwingine, mzabe makofi mpaka aamke mwenyewe. Bibi kizee mmoja alinimwagia kata nzima ya maji ya mtungi, ati anafanya mazoezi, nikaruka nikatukana tusi lisilomfaa mtu wa umri wangu. Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimelowa chapachapa na nyumba za kuzungukia zilikuwa bado nyingi.

Nimechoka, na sioni haya kusema. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo watu wanavyoiona kazi hii: mnatembea, mnapewa chai, mnaongea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia kwa kupenda. Mwenzangu alikuwa ameshamzika mwanawe. Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Tukaitwa pamoja na wanawake wengine, wauguzi wakatufundisha kwamba kijana akizidiwa na unga kinachomuua ni pumzi kukatika, na kwamba kabla haijakatika kabisa kuna mambo ya kufanya. Muite, mtikise. Mpulizie pumzi. Mdunge pajani ile dawa ya kuzindua, ambayo tulipewa tutembee nayo mikobani. Mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi. Kisha hospitali, hata kama ameamka. Ni mambo machache, mtoto wa chuo cha Kurani angeyahifadhi kabla ya kula chakula cha mchana.

Shida ilikuwa ubavu.

Tulikuwa tumeambiwa kulia au kushoto, wowote. Mwenzangu ni mtu wa kanisa, na huko kwao hilo halikuwa na neno. Lakini siku ya kwanza tuliyokwenda Mambrui, kwa mamangu mzazi, akina mama wa mtaa wamejaa barazani, alinishika bega na nyonga akanigeuza ubavu wa kulia. Halafu nikasikia sauti ya mama: "Mwache! Mwache mwanangu!" Nikafumbua macho. Mama alikuwa amesimama, leso imemwanguka. "Hajafa huyo! Mbona unamwelekeza kibla?"

Sisi Waislamu, mtu akiwa katika sakarati ya mauti, hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Akishakata roho, ndivyo hivyo hivyo anavyolazwa mwanandani, kaburini. Kila mwanamke aliyekuwa pale alikuwa ameshamwona babake au mumewe akigeuzwa namna ile, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akigeuzwa hivyo kisha akaomba chai. Na mkeka wa mama, kwa mkosi wetu, ulikuwa umetandikwa kiasi kwamba ubavu wa kulia ulinipeleka kibla moja kwa moja. Kwa macho yao mwenzangu hakuwa akiokoa mtu. Alikuwa akimkabidhi. Wakaondoka mmoja mmoja, wakisema wameacha mboga motoni. Mboga gani saa zile?

Njiani mwenzangu alininunia. "Mayo," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mwanamke huko kwao, "si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi nilikuwa maiti."

Tulijaribu kushoto. Bibi mmoja akatuambia tumemfanya mgonjwa aipe kibla kisogo, na huo si uungwana. Basi tukawa tukifika nyumba yoyote, kwanza tunauliza kibla iko wapi, kisha tunauzungusha mkeka, kichwa huku miguu kule, mpaka nikigeuzwa niutazame ukuta wa jikoni au mlango wa choo, popote pale, mradi si kibla. Hapo wakakubali. Lakini nilijua tunajidanganya, maana mkeka unazungushwa na kitanda hakizungushwi. Vyumba vyetu ni vyembamba. Nyumbani kwetu marehemu baba aliviweka vitanda vyote ubavu wa kushoto ukutani, na kulia kibla, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuvisogeza hata wakati wa kufagia.

Sasa niseme juu ya mdogo wangu. Yeye ni kitinda mimba wa mama, na mama alimzaa umri ukiwa umeshamtupa mkono, kwa hiyo alilelewa na sisi sote. Nisirefushe. Alianza unga akiwa kijana, akaiba, akapigwa, akapotea, akarudi. Watu hupenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanaosema hivyo waje wanione, nina maneno nao. Mwishowe alikubali kuanza dawa ya kunywa, ile inayotolewa hospitali Malindi kila asubuhi mbele ya muuguzi, ambayo humtuliza mtu asiutamani unga wala asishikwe na arosto, yale maumivu ya kuukosa. Akawa anatoka Mambrui alfajiri, anakunywa, anarudi. Akanenepa. Akaanza kuitwa kupaka rangi nyumba za watu, na akawa anarudi na madoa ya chokaa kwenye nyusi. Mimi nikimwona na yale madoa nilikuwa nasikia raha mpaka naogopa.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Dawa ile ni ya asubuhi, na asubuhi mtu amefunga. Tulimwendea mwalimu wa msikiti, akasema bila kusita: mgonjwa ana ruhusa, anywe dawa yake, amlishe maskini, na Mungu hana haja ya saumu ya kumuua mtu. Niliyabeba maneno hayo mpaka kwa mama nikidhani nimebeba dhahabu. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Mwanangu si mgonjwa," akasema. "Mgonjwa yuko kitandani. Huyu anaswali tarawehe safu ya mbele, watu wote wanamwona."

"Mama, anaswali kwa sababu ya ile dawa."

"Anaswali kwa sababu Mungu amemuongoa. Nawe unataka nimwambie ale mchana? Niseme nini kwa watu?"

Nikamgeukia mwenyewe. Alikuwa ameketi kizingitini, anasikia yote. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Dada, niache mwezi huu mmoja niwe mtu kama watu."

Ningemwambia nini? Kwa miaka alikuwa mtu ambaye majirani wakimwona wanaanua nguo kambani. Sasa walikuwa wakimletea tende. Akaiacha dawa, akafunga. Siku za mwanzo alitoka jasho, akatiririka kamasi, viungo vikamuuma asilale. Mama akasema ni saumu. Mimi nilijua ni nini, na kila nilipopita nilimwambia lile lile: mwili wako unakisahau kipimo chako cha zamani, lakini wewe hukukisahau. Siku ukikirudia kile kile hutaamka. Aliniapia wallahi harudii. Nami naamini alikuwa akisema kweli, maana alikuwa akisema huku ananitazama.

Siku ya Idi nyumba ya mama ilijaa pomoni. Mdogo wangu alirudi kutoka kuswali na kanzu mpya, akambusu mama mkono, akala mahamri na mbaazi kwa njaa ya mwezi mzima. Akatoka kidogo kuwapa mkono wa Idi wenzake wa zamani. Aliporudi alisema amechoka, akaingia chumbani. Mama akateremsha pazia, akawafukuza watoto mlangoni: "Nendeni mkacheze huko, mjomba wenu amechoka na saumu." Mwenzangu wa Kakuyuni alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi, kwa kuwa Idi yeye huja kwetu na Krismasi mimi huenda kwake. Tulikuwa jikoni tunapakua pilau.

Nikasikia anakoroma. Nilishawaambia akina mama tangu Vitengeni mpaka pwani, mkoromo wa mtu aliyezidiwa si wa usingizi. Una maji ndani yake, na baina ya mmoja na wa pili unaweza kusoma Alhamdu ukaimaliza. Nikasimama na upawa mkononi nikisubiri wa pili. Nikaisoma Alhamdu mpaka mwisho. Haukuja.

Sikumbuki upawa niliuacha wapi. Nilimkuta amejikunja ukutani, midomo imekuwa rangi ya zambarau, kucha vivyo hivyo. Mama alikuwa nyuma yangu. "Mwache alale, jamani." Nikamvuta chali, nikainua kidevu, nikampulizia pumzi kinywani, kifua kikapanda, kikashuka, nikampulizia tena. Nilimpigia mwenzangu ukelele, naye alikuwa ameshafika na mkoba wake, anavunja kichupa.

Mama alipoiona sindano aliingia katikati. "Sindano tena? Si sindano hizo hizo zilizomharibu? Nanyi mnamdunga, siku ya Idi, ndani ya nyumba yangu?"

Mwenzangu hajawahi kuinua sauti mbele ya mama, na hata siku ile hakuinua. Alisema, "Shikamoo mama, nisamehe," akamdunga pajani, juu ya kanzu mpya.

Nikaendelea kumpulizia. Kisha tumbo lake likajikaza na yale mahamri yote yakaanza kurudi, naye bado hana fahamu. Ikawa lazima ageuzwe pale pale. Kushoto ni ukuta, hapana nafasi ya hata kutia mkono. Kulia ni kibla. Nikamgeuza kulia.

Mama alipiga yowe ambalo sitalisahau. Huko barazani mzee mmoja, kwa kulisikia tu, akaanza kutoa shahada kwa sauti, na wengine wakamfuata. Mama akamrukia mwanawe akamshika bega akamrudisha chali, na ana nguvu mamangu, mikono ya kupepeta mchele miaka yote hiyo. "Humpeleki!" ananiambia. "Humpeleki, wewe!" Mimi nikavuta huku, yeye akavuta kule, na huku tunavutana nikasikia kooni mwake yale matapishi yanamrudi. Nilisikia, wallahi. Nikaona ndiyo hivyo, mdogo wangu anakufa mikononi mwa wanawake wawili wanaompenda, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemuua.

Nikamfokea mama. Sijawahi kumfokea maishani mwangu. "Mama! Kitanda hiki baba alikiweka hivi ili watu wafe? Au walale?"

Akanikodolea macho.

"Ubavu huu ni wa kulalia! Nani alikuwa akitugeuza kila siku? 'Geuka kulia, usilale chali, utakabwa na jinamizi.' Nani? Si wewe? Mbona hatukufa?"

Sijui ni neno lipi lililomfika. Niliona tu mikono yake ikilegea. Kisha ikashika tena, lakini si kwa kuvuta. Mkono mmoja begani, mmoja nyongani, akasema "Bismillahi," akamgeuza mwanawe ubavu wa kulia kwa mara moja, goti akamwegemeza mgongoni asirudi, kidevu akakiinua, na kwa pindo la leso ya Idi akamtoa yale matapishi kinywani mpaka ndani. Alimgeuza vizuri kuliko mwenzangu. Alikuwa na mazoezi ya watoto wote aliowazaa.

Tukakaa tunamsikiliza. Barazani shahada ikaendelea, hakuna aliyekumbuka kuwaambia wanyamaze. Ikaja pumzi moja ndogo, ya kukwaruza. Nikangoja. Ikaja nyingine. Midomo ikaanza kupata rangi. Nikaketi sakafuni penye matapishi, sikujali.

Aliamka kwa hasira, kama wanavyoamka wote, kwa sababu dawa ile huufukuza unga mwilini na kumwacha mtu na arosto yake. "Mumenifanyia nini?" akasema, anatusukuma. "Nani aliwaambia?"

"Nyamaza," mama akamwambia. "Mwenye kusema leo ni mimi."

Tulimpakia kwenye tuktuk tukampeleka Malindi, maana dawa ya kuzindua huisha nguvu kabla ya unga, na mtu anaweza kuzidiwa upya huku watu wanamshukuru Mungu. Tukakaa benchi la hospitali siku ya Idi, mama na leso yake chafu, mwenzangu na gauni lake la wageni, mimi nanuka pilau na matapishi. Nilijua mwenzangu anamfikiria nani. Kwake hapakuwa na mtu wa kuusikia mkoromo. Nikamshika mkono, akaniachia niushike.

Jioni ilipokaribia mama akaniuliza, "Kesho wanafungua saa ngapi?"

"Wapi, mama?"

"Huko anakonywa dawa."

Sasa ningependa kusema mambo yakatengenea. Mdogo wangu anakunywa dawa. Ameshateleza mara nyingine tangu hapo, akarudi. Ramadhani iliyofuata mama alimlisha maskini kwa niaba yake, na kila asubuhi alimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani, na aliyetaka kutazama alitazama. Mdogo wangu ana chokaa kwenye nyusi tena. Hulalamika kwamba hana raha ya kulala, mama anamwingilia chumbani na kumgeuza kama chapati. Namwambia ashukuru kuna wa kumgeuza. Leo yuko hai, na mimi siku hizi sisemi zaidi ya leo.

Majuzi tulitoka matangani, nyumba moja ambayo hatukuwahi kuifikia. Kijana mdogo. Walimmwagia maji, wakamchapa makofi, wakamlaza chali wakamfunika. Mamake alituuliza mbona hatukuja kwake, na hakutuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Mwenzangu akashika njia ya kwao bila kuniaga. Mimi nikaenda kwa mama, kwa kuwa palikuwa karibu na sikuwa na nguvu ya kufika kwangu. Nikamwamkia, nikaukuta mkeka uko chini sebuleni, nikajitupa chali na viatu vyangu, adhuhuri ile ile. Nikawaza kwamba kazi yangu ni kulala, basi leo nilale kweli, na wasinigeuze.

Nikiwa katikati ya usingizi nikasikia mkono begani, na mwingine nyongani. "Bismillahi," akasema, akanigeuza ubavu wa kulia, akaniegemeza goti mgongoni. Sikufumbua macho. Nilijua nikiyafumbua nitalia, na nikilia atataka kujua, na sikuwa na hamu ya kueleza kifo kingine. Kisha nikasikia kiganja chake mbele ya pua yangu, kimetulia, kinangoja.

"Mama," nikasema, "mimi nalala tu."

"Najua," akasema. "Lala."

Kiganja kilinuka kitunguu. Hakukiondoa.